Jibu Nililomtia Mama Yako Kinywani

Mejumaa mamangu,

Kabla hujafunga zipu ya hilo begi lako nataka ujue kwamba wewe si daktari wa kwanza katika ukoo huu. Wa kwanza ni mimi babako. Miaka kumi na tisa nimetibu wodini, wake kwa waume. Nikiingia asubuhi, wenye homa walishusha homa, na wenye kuugulia walinyamaza wapate kunisikiliza. Waliniita Daktari, nami nikaitika.

Haya, nipunguze. Nilikuwa napiga deki. Nikimaliza deki nasukuma machela, na siku ambazo msukuma wafu hakuja kazini niliwasukuma wao pia, na hakuna hata mmoja aliyenilalamikia mwendo. Jina langu kamili lilikuwa Daktari wa Deki. Alinipa muuguzi mmoja wa Likoni mwenye ulimi kama upupu, na wagonjwa kwa adabu zao wakalikata mkia. Mimi sikuwasahihisha. Hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia, ndiyo maana nimeanza hapo.

Umekwenda Kombani kuwaaga shangazi zako, na nawajua dada zangu, hawatakuachia kabla hujala sahani tatu. Kwa hiyo nina alasiri nzima na kalamu yako ya buluu. Habari za sweta na baridi ya Nairobi wanakupa wao sasa hivi, mimi siziandiki. Naandika jambo ambalo kwa mdomo siwezi. Kwa mdomo nitakuchekesha, ukicheka nitaachia hapohapo, kama nilivyoachia miaka yote hii. Hati yangu ivumilie. Shule iliniachisha darasa la tano kwa kosa la kumwigiza mwalimu mkuu anavyotembea, tena yeye akiwa nyuma yangu. Lakini wewe umezoea hati za madaktari, hutapata tabu.

Jumapili iliyopita uliniketisha barazani ukaniambia mambo ya huko uendako. Kwamba mtasomea kuwauguza watu ambao hawatapona. Tiba shufaa, ukasema. Nikakutania kwamba shufaa niijuayo mimi ni ya Siku ya Kiyama, nanyi madaktari mmeona mbali sana mkaisogeza karibu. Ukacheka. Ukaniambia siku ya kwanza mtaketi duara, madaktari watupu, na kila mmoja atasoma kisa cha kifo alichokiona kwa macho yake, kisha mjadiliane: mgonjwa aliambiwa? Alitaka kuambiwa? Nani alikuwa na haki ya kumficha? Nikawaza, loo, kumbe siku hizi watu hupewa shahada kwa mazungumzo ya matangani.

Kisha ukanisomea kisa chako, nami nikaacha kutafuna tambuu. Ulikuwa umeandika habari ya mama yako.

Uliandika kwamba ulikuwa kidato cha pili, ukapewa ruhusa ya Jumapili kuja kumtazama wodini. Kwamba daktari mrefu alipita na faili mkononi, na mama yako akamwuliza, "Daktari, nitapona?" Kwamba daktari alisimama, akafungua mdomo, akaufunga, akageuka akaenda zake, na wewe ukabaki kutazama mgongo wa koti jeupe. Kwamba Alhamisi yake mama yako alikufa bila ya kuambiwa neno na mtu yeyote. Na kwamba siku ile uliapa utakuwa daktari asiyempa mgonjwa mgongo.

"Na atakuwepo, baba," ukanambia. "Jina lake nimeliona kwenye orodha ya walimu. Nitakisoma mbele yake, anitazame."

Kisha ukaniuliza, "Nimekosea pahali?"

Nikakujibu, "Hukukosea. Ila umesahau kuandika kwamba uji wa pale ulikuwa na madonge."

Umekosea, mwanangu. Umekosea mtu.

Yule daktari sisi tulimwita Twiga, kwa shingo yake, na yeye alijua na hakujali. Alikuwa mtu wa bara, Kiswahili chake kilitembea kwa mkongojo, na wazee waliotoka huko juu ya Kinango, wasiojua ila Kiduruma, hakuweza kusema nao kabisa. Basi akiwa na neno zito aliniita mimi. "Mzee, weka deki, njoo unisaidie." Nami naweka deki, najifuta mikono, nasimama kando ya kitanda kama waziri.

Siku moja alinisimamisha mbele ya mzee mmoja wa mifugo, mifupa mitupu, macho makali. Twiga akasema, "Mwambie ugonjwa huu hatuna dawa ya kuuondoa. Maumivu tutayazuia. Akitaka kurudi nyumbani kwa watu wake, tutampa dawa za kwenda nazo." Alisema polepole, akangoja. Nami nikamgeukia mzee nikamwambia kwa Kiduruma kwamba dawa imeagizwa Mombasa.

Mzee alitabasamu hadi pengo likaonekana. Twiga alipoliona tabasamu lile akanishika bega. "Mzee, una namna ya kusema na watu." Nilivimba wiki nzima.

Kila asubuhi yule mzee ananiuliza, "Imefika?" Namwambia kivuko kimejaa, gari limelala Likoni. Kesho, "Imefika?" Limeharibika Kombani. Keshokutwa akaniuliza mbele ya wodi nzima, "Hilo gari lenu linavutwa na kobe?" Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Alikufa siku ya tisa, uso ameuelekeza mlangoni. Wanawe walipofika wakasema, mbona hatukuitwa, mbona baba yetu hakurudishwa afie kwake? Wakamtukana Twiga. Nikawapa pole wote kwa mikono miwili, nikarudi kwenye ndoo yangu.

Wala hakuwa peke yake. Wengine sikuwahesabu. Nilipenda kuwa yule mtu ambaye akikaribia kitanda uso wa mgonjwa unafunguka. Nyumbani sikuwa na cheo, kijijini sikuwa na cheo, pale nilikuwa nacho, na nilikilinda kwa uongo. Nilijiambia ni huruma. Desturi yetu ilinisaidia pia: kwetu mgonjwa hakatiwi tamaa, anaambiwa hujambo hata akiwa hana pumzi ya kujibu. Nikajificha nyuma ya desturi kama mtoto nyuma ya kanga ya mamake.

Ndipo akalazwa mama yako.

Twiga hakuniita kwenye kitanda safari ile. Alinichukua hadi benchi la nje, akaketi na mimi, magoti yake yakafika kifuani. Akanieleza kwamba ugonjwa umekwisha kuenea, hauzuiliki. "Mzee, nataka nikae na mama nimwulize anataka kujua kiasi gani. Yeye mwenyewe. Akitaka kujua yote nitamwambia yote, akitaka kidogo nitamwambia kidogo."

Nikamwambia, "Daktari, huyu ni mke wangu. Niachie mimi. Nitamwambia kwa lugha ya kwao."

"Utaweza?"

"Wangapi nimewasemesha kwa niaba yako?"

Kisha akasema jambo jingine, na hili ndilo linaloniamsha mpaka leo. "Kama anataka kwenda kwa mamake Kinango, ni wiki hii. Bado anaweza kuketi garini. Wiki ijayo hataweza."

Nikaingia wodini. Mama yako alikuwa anakunja kanga yake upya, maana wauguzi hawakujua kukunja. Akaniuliza, "Amesema nini Twiga?" Nikamwambia, "Amesema unenepe kidogo, mifupa yako inamtoboa macho." Akacheka. Akasema, "Basi nikipona kwanza nitakwenda kwa mama. Sitaki anipapase anikute hivi." Unakumbuka nyanya yako alikuwa amepofuka, akimjua mtu kwa viganja. Nami nikamwambia, "Naam, upone kwanza."

Kesho yake Twiga akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia. "Amesemaje?" Nikasema, "Amesema Mungu ndiye mjuzi." "Na Kinango?" Nikasema hataki kwenda, anataka kuwa karibu na dawa. Nilijibu haraka haraka, kama mtu anayesoma kitabu. Hakuna mtu anayemshuku mume.

Sasa Jumapili yako. Wewe ulikuwa umeketi kitandani miguuni pake, mgongo wako umenielekea mimi. Mimi nilikuwa nyuma yako na deki. Mama yako alipomwuliza Twiga, "Daktari, nitapona?", yule mtu alishtuka. Kwa hesabu yake mama alikwisha kuambiwa siku tatu nyuma. Hakukutazama wewe. Alinitazama mimi juu ya kichwa chako. Nami nikaweka mkono kifuani, nikatikisa kichwa, nikakuonyesha wewe kwa kidole. Akafungua mdomo, akaufunga, akaenda.

Nilimfuata nje. Nikamwambia, "Anajua, Daktari. Ila mbele ya mtoto anajifanya hajui. Tafadhali usimvunjie." Akasema, "Nimeelewa, Mzee. Pole sana." Akainamisha ile shingo.

Kwa hiyo ule mgongo uliouchukia niliugeuza mimi. Na nilikutumia wewe kuugeuza.

Nilirudi nikakukuta unavaa viatu, muda wa kutazamana umekwisha. Mama yako akakwambia, "Sketi hiyo imekupanda. Mwambie fundi aishushe pindo." Hayo ndiyo maneno uliyobaki nayo, Mejumaa. Mwanamke aliyekuzaa baada ya kungoja miaka sita, angalijua, asingalikupa maneno ya sketi. Alikuwa na maneno mengine, na mimi ndiye niliyeyafungia. Kila Idi ukishona nguo unampigia fundi kelele juu ya pindo, nami natoka nje najifanya nakwenda kutazama kuku. Hatuna kuku.

Jumanne aliniuliza, "Baba Mejumaa, mbona leo hunitanii?" Kweli siku ile nilikuwa nimechoka kutania. Nikatafuta mzaha haraka, nikaupata, wa yule muuguzi wa Likoni na mkebe wa uji. Akacheka kidogo. Kisha akageukia ukutani. Sijui kama alijua. Sijui. Siku nyingine naomba awe alijua, siku nyingine naomba asiwe alijua, na Mwenyezi Mungu bila shaka amechoka nami.

Alikufa Alhamisi adhuhuri, nyuma ya pazia la hospitali, akingoja kupona ili aende kwa mamake. Nilipokwenda Kinango kumwambia nyanya yako, alininyooshea mikono akapapasa uso wangu wote. Akauliza, "Kwani hakujua? Mwanangu angalijua angalikuja." Nikamwambia, "Kilikuwa kifo cha ghafla, mama." Yeye naye nikamdanganya.

Unaweza kudhani uongo uliishia kaburini. Subiri.

Siku ya tatu ya matanga Twiga alikuja, akavua viatu, akaketi mkekani akala kwa mkono na wazee, mchuzi ukimdondoka. Kisha akanivuta pembeni akaniuliza, "Mzee, ulipomwambia, alisema nini hasa?" Ningeliweza kusema pale pale. Mtu yule alikuja kutoka kazini bila kuitwa. Badala yake nikamwambia, "Alinishika mkono akasema, mume wangu, niko radhi nawe."

Twiga alivua miwani akaifuta.

Unajua wewe uzito wa neno hilo kwetu. Mke na mume hutakana radhi mmoja akiwa safarini kuondoka, ndiyo ruhusa ya mwisho. Sisi hatukutakana, kwa sababu ili mtakane radhi sharti wote wawili mjue kwamba kuna safari. Nikaichukua ruhusa ambayo hakunipa, nikaitamka kwa sauti yake. Aliyekufa hawezi kukanusha. Nimeiba vitu vidogovidogo hospitalini, sabuni na dettoli, hata shuka moja, usimwambie mtu. Hivyo vyote sivionei haya. Hili nalionea haya hata nikiwa peke yangu chooni.

Miaka miwili iliyopita nikakutana na Twiga pale Ukunda, mlangoni mwa duka la dawa, mvi zimemjaa, amekuja Diani kupumzika na familia. Alinikumbatia mbele za watu. Akasema, "Mzee! Kila mwaka nawasimulia madaktari wangu habari yako na mkeo. Nawaambia, nilimwachia mume amwambie kwa lugha yake, na yule mama alikufa akiwa radhi. Ndio mfano wangu mkubwa."

Nikamwambia, "Usiwachoshe vijana wa watu."

Sasa umeona nilipofikia. Wiki ijayo mtaketi duara. Wewe utasoma kwamba mama yako hakuambiwa na daktari akampa mgongo. Yeye atatoa mfano wake kwamba mama huyohuyo aliambiwa akafa na radhi. Visa viwili vitaketi katika chumba kimoja, vitazamane kama wake wenza, na vyote viwili nimevizaa mimi. Wewe utamwita mwongo, naye atakuita mtoto mwenye uchungu. Na madaktari wote waliobaki watatoka pale wamefundishwa na Daktari wa Deki.

Nilijaribu kumpigia Twiga simu, kwa namba aliyonipa Ukunda, ili nisikuandikie. Nilibonyeza, ikalia mara moja, nikakata. Akanipigia yeye. "Mzee, kulikoni?" Nikamwambia, "Nimeibonyeza kwa kuikalia." Tukacheka. Unaona basi nilivyo.

Sikuombi unisamehe, haraka ya nini. Tena usije ukaniambia kwamba nilifanya kwa mapenzi. Shangazi zako watakupa udhuru huo wakijua, wataupika na nazi. Usiupokee. Nilimpenda mama yako, hilo ni kweli na liko kando. Lakini siku ile niliogopa. Ningemwambia, angeniuliza, "Sasa itakuwaje?", nami nisingekuwa na mzaha wa kujibu. Nilikuwa naogopa kuketi kitandani pale bila mzaha. Basi.

Wala sikwambii kwamba kila mgonjwa amwagiwe kila kitu kama maji ya ndoo. Wapo walionishika mkono wakasema, "Mimi usinambie, mwambie kaka yangu." Hao walichagua. Mama yako hakuulizwa. Yule mzee wa mifugo aliulizwa na Twiga, na swali likafia kwangu. Nadhani huko mtasoma mengi makubwa kuhusu haki, na mimi sina la kuongeza, ila hili la mtu wa deki: ukimtumia mtu akusemee, mtazame na yeye. Maneno yako marefu yakitoka mafupi, mwulize yaliyobaki ameyatia wapi. Na ukimwona mgonjwa anatabasamu baada ya habari mbaya, usimpige bega mfasiri.

Kisa chako usikichane. Kimeandikwa vizuri, hata mimi nilimwona mama yako ndani yake. Lakini kitie yule aliyekuwa nyuma yako. Ukitaka kumpa Twiga barua hii aisome mwenyewe kabla, mpe. Ukitaka kuisoma mbele ya duara lote, soma, na jina langu usifiche. Ukiona vibaya kunitaja, basi usisome lolote, lakini usimsomee yule mtu kile ulichonisomea mimi. Hilo tu ndilo ninalolishikilia. Nimemchafua mara mbili, mara moja kwa wanawe yule mzee na mara moja kwako, na bado alinikumbatia mlangoni mwa duka.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako kabla hujarudi. Utaisoma leo. Mimi nitajifanya nimelala, na wewe unajua ninavyokoroma kwa uongo, kwa hiyo hutadanganyika, lakini niachie.

Sasa nina dai langu. Siku ya Idi tulicheza bao la kete nikakufunga mara tatu, na sharti lilikuwa aliyefungwa amkate kucha za miguu aliyefunga, maana kiuno changu hakikunji tena. Hujanikata. Kila siku unasema kesho, baba. Gari la kukupeleka steni ya treni linakuja saa mbili asubuhi. Kuanzia saa moja nitakuwa barazani, beseni la maji ya vuguvugu miguuni na wembe mpya juu ya kiti. Ukiona huwezi kunikaribia, pitia mlango wa uani, nitasikia gari likiondoka na nitajua, sitakupigia simu. Lakini ukija, usiseme kitu kwanza. Kata tu. Anza na mguu wa kulia. Ukucha wa gumba la kushoto umeingia nyamani, na ukiugusa nitalia, nawe usinisemeshe, usiniulize nalilia nini.

Babako